Fundi Aliyesema Mtoto Anachechemea

Hilario Bañuelos hakuwa mbishi. Naliweka hili mbele kabisa, maana baadaye mji mzima wa Tanque Viejo ulimwita mbishi, mzushi na mwenda wazimu, nami sitaki mtu aanze kumjua kwa jina baya. Alikuwa fundi viatu, mtu wa kunyamaza, kutwa nzima misumari midogo mdomoni, kwa hiyo hata angetaka kupayuka asingeweza. Kwa miaka kumi na tisa aliona jambo lile lile, tarehe ile ile ya Februari, akalimeza. Mwaka wa ishirini likamkwama kooni.

Jambo lenyewe lilimhusu Mtoto Mtakatifu wa Njia, sanamu ya Mtoto Yesu aliye kanisani kwetu. Amekaa kwenye kiti chake cha mbao, kimo cha mtoto wa miaka mitatu, kofia ya manyoya kichwani, kanzu ya mahameli hadi miguuni. Mchana anakaa. Usiku anatoka kuwatafuta waliopotea njiani, madereva wa malori, wachunga mbuzi na walevi, ndiyo maana viatu vyake vinalika. Kila sikukuu yake anavuliwa vya zamani na kuvishwa vipya, na vile vya zamani vinakatwakatwa, kila nyumba inapata kipande cha kutundika mlangoni. Kushona na kukata ni kazi ya fundi wa Mtoto, na tangu enzi za babu yake Hilario, fundi huyo ni Bañuelos. Kalibu mbili za mbao, umbo la miguu midogo, zilining'inia juu ya meza yake ya kazi. Hakuwa na kitu kingine cha kujivunia.

Mwaka huo alikaa kwenye ngazi za kanisa kama kawaida, kisu mkononi, watu wamemzunguka na vitambaa vyao vya kufungia vipande. Akageuza soli. Kiatu cha kulia, kisigino kimelika mpaka misumari inachungulia. Cha kushoto, kisigino kizima kama siku alipokipigilia, ila ncha imetoboka, tundu la kupita kidole. Miaka ishirini, hivyo hivyo. Mtu yeyote wa kazi hiyo angejua kwamba huo ni mguu mfupi, unaifikia ardhi kwa vidole tu. Hilario akawaza njia zetu na changarawe zake na miiba yake ya mpungate, akamwaza mtoto anazipita usiku kucha kwa ncha ya mguu mmoja. Huruma ikamshika. Akaweka kisu chini.

"Padri," alisema, "mtoto huyu anachechemea."

Padri Anselmo, kijana mwenye mafua yasiyokwisha, alidhani ni mtoto wa mtu. "Yupi? Mleteni nimbariki."

"Huyu wako wa kwenye kiti. Mguu wa kushoto ni mfupi, upana wa kidole hivi. Miaka ishirini namshonea viatu vya usawa mmoja, kumbe namtesa. Naomba ruhusa nimwekee kisigino kirefu."

Watu wakaduwaa kama waliomwagiwa maji. Aliyezinduka kwanza ni Don Evaristo Luévano, mwenye duka la dawa, mwenyekiti wa kamati ya sikukuu na mwenye televisheni ya kwanza kufika mjini. Huyu ndiye aliyemsimamia binti wa Hilario ubatizo, ndiyo maana wakaitana kompadre, na kwetu kompadre ni zaidi ya ndugu wa tumbo moja.

"Yesu na Maria! Kompadre, umekunywa?"

"Maji tu."

"Basi nenda kanywe kitu cha maana, urudi na akili zako."

Mtu mwingine angecheka, akakata viatu, yakaisha. Hilario alivikata, vipande vikagawiwa, lakini yeye alimwambia kila aliyepokea, kwa sauti ile ile ya upole: "Shikilia hicho, ni cha mguu mfupi." Kufika jioni mji ulikuwa unachemka.

Jumapili iliyofuata kikao kiliitishwa katika ukumbi wa shule. Ubaoni mwalimu aliandika kwa mwandiko mzuri: *Je, Mtoto anachechemea?* Nilikuwepo, na sitii chumvi hata punje.

Kwanza alisimamishwa daktari, aliyeletwa kwa gari kutoka wilayani. Alisema hawezi kutoa jibu mpaka amwone mgonjwa akisimama.

"Mchana hasimami," akaambiwa.

"Basi sina jibu." Akadai nauli yake, akaondoka.

Wakaitwa akina dada watatu wa Delgadillo, wazee wasioolewa, ambao peke yao wana ruhusa ya kumbadilisha Mtoto nguo. Wakaulizwa kama miguu iko sawa. Mkubwa wao akajibu kwamba kazi hiyo wanaifanya macho yamefumbwa, kwa heshima, mwaka wa thelathini na tano sasa, na hawatayafumbua kwa ajili ya fundi viatu. Ukumbi ukapiga makofi.

Wakaja mashahidi waliowahi kuokolewa. Dereva wa lori alisema alipotea kwenye ukungu, akamkuta Mtoto kwenye jiwe, akamwonyesha njia kwa kidole.

"Alikuwa anatembeaje?" aliuliza Don Evaristo.

"Hakutembea. Alikuwa amekaa."

Mchunga mbuzi alimkuta ukingoni mwa kisima, amekaa. Mwisho akaja Librado, mlevi wetu, aliyenyoa ndevu kwa ajili ya kikao. "Tulikaa naye mtaroni," alisema. "Mtoto mzuri, hana maneno mengi. Alikuwa amevua kiatu, anajikanda mguu."

"Mguu upi?"

"Ah, mwenyekiti, mimi niliiona minne."

Hapo Hilario akatema misumari kiganjani, akasimama. "Mmesikia? Mtoto wa miaka mitatu, mna uhakika ni mzima, na kila akionekana amekaa. Nyinyi wenye watoto wa miaka mitatu, mmewahi kuwaona wamekaa?"

Akina mama wakatazamana. Mmoja akafungua mdomo, mumewe akamkanyaga. Don Evaristo, alipoona mambo yanataka kumponyoka, akaitisha kura upesi. Kwamba Mtoto hachechemei: mikono ikapanda ukumbi mzima. Akapandisha mkono Doña Nicolasa, mama wa mikate ya mahindi, kutoka nyuma ya kikapu chake. Akapandisha hata Cuca, mke wa Hilario, kisha akautazama mkono wake kama wa mtu mwingine. Kwamba anachechemea: Hilario peke yake.

"Kompadre," alisema Don Evaristo, sasa kwa upole, maana alimpenda kweli, "sema neno moja tu, nilikosea, tukale. Usiposema, wewe si fundi wa Mtoto tena."

Hilario aliigeuza misumari kiganjani. Wote tulimwona. "Ningekuwa nimekosea ningesema," akajibu. "Lakini soli nimeziona kwa macho yangu."

Kesho yake walikuja kuchukua kalibu, wakazitia guniani kama paka wa kwenda kutupwa. Viatu alivyoshonewa Mtoto mwaka huo vikavuliwa, vingine vikaagizwa mji mkubwa, vyeusi, vya kung'aa, vya usawa mmoja, vikavishwa kwa ngoma na tarumbeta. Fundi alibaki anautazama msumari mtupu ukutani.

Ukawa mwaka wa taabu. Nani apeleke viatu kwa mtu anayemtia Mtoto kilema? Watu walivumilia soli zilizopasuka, wakafunga kamba, wakapita upande wa pili wa barabara huku wakiburuza nyayo. Watoto walimfuata wakichechemea msururu mzima, na alichowaambia ni kwamba wanachechemea vibaya, mguu mfupi hauburuzwi hivyo. Mwalimu alimpa namba ya mtu wa mji mkubwa anayetibu wenye kukaza kichwa. Hakukasirika. Alikuwa na huzuni tu, na huzuni yake haikuwa kwa ajili yake. Usiku upepo ukivuma, alikaa kitandani akasema, "Sasa hivi yuko kwenye changarawe."

"Na mimi niko kwenye maharage ya jana," alimjibu Cuca. "Wee mwanamume, neno moja litakutoa roho? Nilikosea. Silabi tano! Mie nalisema kila siku na sijafa."

"Unalisema ukiwa umekosea kweli?"

"Thubutu! Nasema yaishe."

"Mimi siwezi, mama. Nikilisema, mkono wangu hautajua tena kiatu kizuri ni kipi."

Cuca akamgeuzia mgongo. Alimwona mumewe ni mjinga, tena mjinga wa kupikiwa.

Mteja alikuwa mmoja tu mwaka mzima. Alikuja saa nane ya mchana, jua kali, mji wote umelala, akapitia ua wa nyuma. Alikuwa Doña Nicolasa. Kwetu tulimjua kuanzia kiunoni kwenda juu. Kila siku alifika uwanja wa kanisa kabla ya mtu yeyote, akaketi nyuma ya chuma chake cha kukaangia, akaondoka baada ya mtu wa mwisho, sketi inafagia chini. Siku hiyo alisimama mlangoni kwa Hilario akishika kitasa.

"Don Hilario, mimi nilinyoosha mkono siku ile. Kukupinga."

"Nilikuona. Karibu ukae."

Nicolasa akaketi. Akavua kiatu cha kushoto, akakiweka mezani. Kisigino kizima, ncha imetoboka, ndani kimejazwa matambara yaliyokuwa magumu kama ubao. Hilario alikitazama muda mrefu, akakigeuza, akakigeuza tena, machozi yakamlenga.

"Miaka mingapi?"

"Arobaini."

"Na unasimama kutwa unakanda unga."

"Ndiyo maana nakaa," alisema Nicolasa. Kisha, kwa sauti ndogo, "Na yeye, kweli? Mtoto? Husemi tu?"

"Kama hivi hivi. Kushoto."

Nicolasa akaficha uso kwenye shali, na mpaka leo Hilario hajui kama alikuwa analia au anacheka. Alimpima, akamshonea, kisigino kirefu upana wa kidole, kimefunikwa ngozi vizuri usijue kinapoanzia. Malipo alipokea kwa mikate. Hakumwambia mtu.

Ikafika Februari. Kanisa limejaa, kila mtu na kitambaa chake. Akina dada wa Delgadillo wakafumba macho, wakamvua Mtoto vile viatu vya kuagizwa, Don Evaristo akavipokea, akavigeuza kabla ya kuvikabidhi kwa fundi cherehani aliyepewa kazi ya kukata.

Soli zilikuwa safi. Hakuna mkwaruzo. Karatasi ya bei ilikuwa bado imebandikwa.

Mwaka mzima Mtoto hakutoka! Loo, mngesikia kelele. Mmoja akakumbuka mbuzi wake saba waliopotea mwezi wa nne. Dereva wa lori akakumbuka alivyolala korongoni na mguu uliovunjika. Librado alilia waziwazi, alikuwa amelala mtaroni usiku kumi na moja mfululizo na hakuna aliyekuja kukaa naye. Don Evaristo mwenyewe akajiuliza kimoyomoyo kama ndiyo sababu televisheni yake inaonyesha mvua tu. Padri alipenga kamasi, akasema labda Mtoto amepumzika. Kutoka nyuma mama mmoja akapaza sauti, "Vinambana, ndugu zangu! Viatu haviendi na miguu yake!" na mumewe safari hii hakumkanyaga.

Kabla ya saa sita kamati ilikuwa mlangoni kwa Hilario, na lile gunia.

"Kompadre," alisema Don Evaristo, jasho linamtiririka, "mwekee hicho kisigino."

Hilario akainuka, tayari ananyoosha mkono.

"Ngoja. Kanzu itakifunika, hakuna atakayekiona. Lakini wewe utasimama kanisani useme ulikosea."

"Kama nilikosea, kisigino cha nini?"

"Kisigino ni cha Mtoto. Maneno ni ya kamati. Kura ilipigwa, imeandikwa, haiwezi kufutwa kwa sababu ya karatasi ya bei. Unapata kalibu zako, unapata kazi yako, Mtoto anapata kiatu. Unataka nini tena?"

Hapo Hilario aliyumba. Nasema wazi, maana watu hupenda kumsimulia kama jiwe, na hakuwa jiwe. Alizitazama zile kalibu ndani ya gunia, akamwaza Mtoto amekaa mwaka mzima, watu wanaita gizani naye hawezi kwenda. Neno moja tu. Mdomo ukafunguka.

"Usiseme," alisema Cuca.

Wote wakageuka.

"Mwaka mzima umenila kichwa niseme!" alisema Hilario.

"Mwaka mzima nilikuwa na njaa. Leo nina hasira. Usiseme ng'o!"

Hilario akafunga mdomo, akatikisa kichwa. "Viatu nitashona bure, kompadre, naanza sasa hivi. Kusema, sisemi."

"Basi havivaliwi," alisema Don Evaristo, akaliokota gunia, akatoka. Hilario akamfuata mpaka uwanjani akimsihi, na ilikuwa aibu kumwona, mzee wa miaka sitini na moja, anavuta gunia upande huu, kompadre wake anavuta upande ule, mbele ya umati wote uliotoka kanisani.

Ndipo Doña Nicolasa akainuka nyuma ya chuma chake. Mkate uliokuwa kwenye mafuta akauacha uungue.

"Evaristo Luévano," aliita, "hebu niangalie."

Akakamata sketi, akaipandisha hadi nusu ya muundi, na mama zetu wakashika midomo. Akakata uwanja kutoka kwenye jiko lake mpaka ngazi za kanisa, akageuka, akarudi.

"Natembeaje?"

"Vizuri," alisema Don Evaristo, amechanganyikiwa. "Unatembea vizuri, Doña Nicolasa. Kwani vipi?"

Nicolasa akaketi kwenye ngazi, akavua viatu vyote viwili, akasimama, akakata uwanja tena. Kila hatua aliinama upande wa kushoto, akainuka, akainama. Hakuharakisha. Mkate unaoungua ulisikika uwanja mzima.

"Miaka arobaini nawalisha," alisema alipofika mbele yake. "Nafika kabla yenu, naondoka baada yenu, ili msinione hivi. Mkaketi shuleni mkasema kuchechemea ni tusi kwa Mtoto. Nami nikanyoosha mkono pamoja nanyi, kwa haya, maana kama kwake ni tusi, mimi je, ni nini? Mzee huyu alinijua kwa soli tu. Akanishonea kiatu, na hakumwambia mtu, hata mkewe."

"Hata mimi!" alisema Cuca, na akampiga mumewe begani kwa nguvu.

Don Evaristo alifungua mdomo aseme habari ya kanuni za kura, lakini hakuna aliyekuwa akimsikiliza. Gunia lilikuwa limemtoka mkononi. Padri Anselmo ndiye aliyeliokota, akapenga kamasi, akampa Hilario.

"Kidole kimoja, Don Hilario, au kimoja na nusu?"

"Kimoja, Padri. Kimoja kinatosha."

Mtoto alivishwa siku hiyo hiyo, jua bado lipo. Na Februari iliyofuata, viatu vilipovuliwa, soli zilikuwa zimelika kuliko mwaka wowote, kisigino kwa ncha, kulia kwa kushoto, sawa sawa. Hilario alizipapasa kwa kidole gumba, akakaa kwenye ngazi, akalia bila kuficha. Don Evaristo alikaa karibu naye, akasema, "Nilikosea, kompadre," na Cuca akazihesabu zile silabi kwa vidole.

Mnadhani mambo yaliishia hapo? Hamuujui mji wetu. Kabla ya Pasaka kila mtu alitaka kisigino kirefu cha kushoto, kwa heshima ya Mtoto. Walipanga foleni kwa Hilario, fedha mkononi, Don Evaristo mbele yao. Hilario akawapima mmoja mmoja, akawaambia miguu yao iko sawa, waende nyumbani.

"Kompadre, ni ibada!"

"Ni kiatu cha uwongo. Sishoni."

Wakamwita mbishi. Wakamwita mchoyo, mwenye kiburi, anayejifanya Mtoto ni wake peke yake. Wakapigilia vipande vya mbao wenyewe, wengine mguu wa kulia kwa kukosea, na mji mzima sasa unapita uwanjani ukichechemea, mwalimu, mwenye bucha, akina dada wa Delgadillo macho wazi. Hilario hana tena mteja, na Cuca anapika maharage anacheka peke yake.

Anayetembea wima Tanque Viejo ni Nicolasa tu. Anakuja saa nne sasa, uwanja umejaa, sketi imekatwa juu ya kifundo, na watu wanamtazama wananong'ona kwamba mama yule hana ibada. Juzi alipita mbele ya karakana, akasimama, akainua mguu wa kushoto Hilario aone soli.

"Kinaanza kulika, Don Hilario."

Hilario akatema misumari, akachungulia. "Upande mmoja?"

"Pande zote," alisema Nicolasa.

"Basi ingia," alisema Hilario, na akamvutia kiti.